NANI ANASHIKA MIZANI?

Uhakiki wa mawazo yetu juu ya kuwaunganisha wakulima wadogo ili wapate soko

Katika mikutano yetu ya vijijini hakuna neno linalosemwa kwa urahisi kama hili: wakulima, jiungeni mpate soko. Diwani analisema, bwana shamba analisema, ofisa wa benki analisema, mgeni wa shirika la nje analisema, na sisi wa Chama tunalisema pia. Neno likikubaliwa na watu wote, tajiri na maskini, mnunuzi na muuzaji, hapana budi tulichunguze. Maana haiwezekani mnyonyaji na mnyonywaji wakalitamani jambo moja kwa sababu moja. Lazima kila mmoja ana maana yake.

Mnunuzi mkubwa anapotaka wakulima wajiunge, anataka mzigo mkubwa mahali pamoja, gari lijae kwa siku moja, na mtu mmoja wa kusema naye badala ya watu mia tano. Halmashauri inataka mahali pamoja pa kukatia ushuru. Benki inataka mahali pamoja pa kukatia mkopo wake. Haya yote si dhambi, na mengine yana manufaa. Lakini hakuna hata moja kati yake ambalo kwa lenyewe ni nguvu ya mkulima. Watu mia tano waweza kukusanywa mahali pamoja na bado wakawa dhaifu kama walivyokuwa kila mtu nyumbani kwake.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Chama cha wakulima kinakuwa na nguvu sokoni pale tu wanachama wenyewe wanaposhika vitu vitatu: mizani, daftari, na uwezo wa kumwondoa kiongozi. Kikundi kisichokuwa na vitu hivyo si chombo cha mkulima. Ni kituo cha kukusanyia mazao, na mara nyingi ni mlanguzi mpya aliyevaa koti la ushirika. Historia ya nchi yetu inathibitisha hivyo, na sehemu ya historia hiyo ni makosa yetu sisi wenyewe.

Udhaifu wa mkulima mmoja

Kwanza tueleze kwa nini mkulima anahitaji kujiunga. Wako wanaodhani kwamba mkulima mdogo hupunjwa kwa sababu ni mjinga. Huko ni kumtukana mtu anayejua shamba lake kuliko mtaalamu yeyote. Hupunjwa kwa sababu ya hali yake katika soko.

Mkulima wa viazi wa Njombe anajua kabisa kwamba gunia la lumbesa, lenye kilemba juu ya mdomo wake, limepita kilo 100. Anajua pia kwamba Sheria ya Vipimo inakataza jambo hilo. Lakini viazi vyake vimekwisha kuchimbwa, havingoji, na lori lililofika ni moja. Asipokubali lumbesa yeye, jirani yake atakubali. Mkulima wa kahawa wa Kagera anayeuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado ua mtini, anajua kwamba anauza kwa hasara. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi anayepimiwa kangomba anajua kwamba kile kipimo si haki. Wote watatu wanauza kwa sababu mnunuzi anaweza kungoja na wao hawawezi. Mtoto ni mgonjwa, ada ya shule inadaiwa, chakula cha masika kimekwisha.

Kwa hiyo udhaifu wa mkulima una sura tatu: hana mizani yake, hana akiba ya kumwezesha kungoja, na hana wingi wa mazao wa kumtisha mnunuzi kwa kuyazuia. Tunapopima kazi ya kikundi chochote cha wazalishaji, tukipime kwa mambo hayo matatu. Idadi ya vikundi vilivyoandikishwa katika taarifa ya wilaya si kipimo.

Wakulima walipoanza wenyewe

Ushirika nchini mwetu haukuanzishwa na maofisa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake. Walowezi walikipiga vita, kwa kuwa hawakutaka Mwafrika alime kahawa, sembuse kuiuza kwa umoja. Serikali ya kikoloni ilikuja na njia yake. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, chama kile kilibadilishwa, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU chini ya meneja Mzungu. Kisha wakulima wakalazimishwa kuuza kahawa yao kwa KNCU peke yake. Bei iliposhuka, hawakuwa na mahali pa kuuliza wala pa kwenda. Mwaka 1937 yakatokea machafuko, na majengo ya baadhi ya vyama vya msingi yakashambuliwa.

Jambo hili linafaa kutafakariwa. Wachagga wale hawakuwa wapinzani wa ushirika. Ni wao, miaka kumi na miwili kabla yake, waliouanzisha. Walichokikataa ni ushirika ambao daftari lake wao hawalisomi na meneja wake wao hawamwajibishi. Jengo lilikuwa na jina lao mlangoni, lakini halikuwa lao.

Kanda ya Ziwa inatupa mfano wa upande wa pili. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara waliokuwa na mizani yao wenyewe, na kila mkulima alijua kwamba mizani ile inadanganya. Wakulima hawakuanza kwa kuandika katiba wala kuomba mfadhili. Walianza kwa kuweka wapimaji wao, vijana wanaojua kusoma na kuhesabu, wasimame kwenye vituo vya kununulia na kuhakiki uzito. Kutokana na hatua kama hizo umoja ukakua. Mwaka 1952 ikaundwa Lake Province Growers' Association, Paul Bomani akiwa kiongozi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Vyama vikaanza kumiliki viwanda vya kuchambua pamba, na kufikia mwisho wa muongo ule sehemu kubwa mno ya pamba ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwa wakulima wenyewe. TANU ilipokatazwa kufanya kazi katika Jimbo lile hadi mwaka 1958, vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa shule ya siasa ya mkulima.

Tunajifunza nini? Kwamba mizani ilitangulia na chama kikafuata. Watu walikuwa na jambo moja linalowauma, wakalitafutia dawa wenyewe, na kutoka katika dawa ile chama kikazaliwa. Siku hizi sisi tunafanya kinyume: tunaanza na chama, tunamaliza na mhuri, na mizani inaletwa na mtu mwingine.

Makosa yetu baada ya Uhuru

Baada ya 1961 tuliuona ushirika kuwa ndiyo njia ya kumwondoa mnunuzi wa kati, na tulikuwa sahihi. Lakini tuliuharakisha. Vyama viliundwa hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba. Mwaka 1963 ilipoundwa Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo, mahindi na mazao mengine yalipitishwa katika ngazi tatu: chama cha msingi, chama kikuu, kisha bodi. Bei ilipangwa huko juu. Bodi ilikata gharama zake, chama kikuu kikakata zake, chama cha msingi kikakata zake, na kilichobaki ndicho kikawa bei ya mkulima.

Tulitazame vizuri jambo hili, kwa sababu ndiyo ufunguo wa mengine yote. Katika mpango huo kila mtu analipwa kwa hesabu inayojulikana, isipokuwa mkulima. Karani ana mshahara wake, dereva ana posho yake, mwenye ghala ana kodi yake. Mkulima ana salio. Uzembe wa kila ngazi unalipwa na salio hilo. Meneja akiajiri jamaa zake, gari likilala njiani, gunia likioza, hakuna anayepungukiwa ila yule aliyelima. Mtu wa mwisho kulipwa ndiye wa kwanza kubeba hasara. Hapo ndipo unyonyaji unapoingia hata kama hakuna bepari hata mmoja katika nyumba nzima.

Malalamiko yalipozidi, Rais aliunda kamati maalumu mwaka 1966. Iliona kwamba wanachama hawakujua mambo ya vyama vyao, kwamba watendaji wengi hawakuwa na ujuzi, kwamba wizi na upendeleo vilikuwapo, na kwamba wanasiasa waliingilia uendeshaji. Dawa iliyohitajika ilikuwa kumrudishia mwanachama chama chake. Dawa iliyotumika zaidi ilikuwa kuongeza mamlaka ya serikali juu ya vyama.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitufundisha kwamba jambo haliwezi kuitwa maendeleo kama haliwazidishii watu uwezo wa kuamua mambo yao wenyewe. Miaka mitano baadaye, Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Kila kijiji kilihesabiwa kuwa chama cha ushirika kwa sheria ya 1975, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao na Shirika la Usagishaji la Taifa. Hatuwezi kusema kwamba wakulima waliombwa shauri. Waliambiwa kwamba vyombo vipya ni vyao kwa sababu serikali ni yao.

Matokeo yanajulikana. Mamlaka zilikuwa na magari, ofisi na mishahara, lakini hazikuwa na wanachama. Mkulima hakuwa na mkutano wa kuuliza wala kura ya kupiga. Malipo yalichelewa, hati za mkopo zikachukua mahali pa fedha, na sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikapungua. Mkulima akajibu kwa kura aliyobaki nayo: alipunguza kilimo cha mazao ya biashara, akauza kwa magendo, au akaacha mikorosho imezwe na pori. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na kuhamishwa kwa watu mbali na mikorosho yao wakati wa Operesheni Vijiji kulichangia. Lakini bei na namna ya kulipwa vilichangia pia, na hilo ni juu yetu.

Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kurudisha vyama vikuu. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Mtu aliyetuandikia Tujisahihishe mwaka 1962 hakuona aibu kujisahihisha. Nasi tusione aibu.

Kisha likaja soko huria. Sheria ya 1991 ilisema ushirika uwe wa hiari na wa wanachama, na katika miaka michache iliyofuata wanunuzi binafsi wakaruhusiwa katika mazao makubwa. Mwanzoni mkulima alifurahi, kwa maana alipokea fedha taslimu. Lakini vyama vilivyodhoofika kwa miaka mingi, vyenye madeni na visivyo na mtaji, vilitupwa katika mashindano bila kuandaliwa. Vingi vilianguka. Mkulima akajikuta yuko peke yake tena barabarani, anatazamana na lori. Hivyo katika muda wa kizazi kimoja mkulima wetu alipitia amri isiyo na uhuru na uhuru usio na nguvu.

Stakabadhi ghalani: hatua mbele, lakini nusu

Sheria ya Stakabadhi za Mazao Ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 mfumo huo ulianza kutumika katika korosho mkoani Mtwara. Mkulima anapeleka korosho katika chama chake cha msingi, yaani AMCOS. Zinapimwa, zinawekwa madaraja, zinapelekwa ghala kuu, na zinauzwa mnadani kwa wingi. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho imeingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania.

Hatuungani na wale wanaoupuuza mfumo huu. Umemlazimisha mnunuzi kushindana hadharani. Umeondoa siri ya bei. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000, na katika baadhi ya minada bei ilifikia kiasi cha shilingi 4,000 kwa kilo. Na Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliposomewa bei wasizoziridhia, walikataa kuuza. Nguvu ya soko ndiyo hiyo. Mkulima mmoja akisema hapana, mnunuzi anapita nyumba ya pili. Wakulima wote wa wilaya wakisema hapana, ni lazima mnunuzi afikiri.

Lakini tuyatazame yaliyofuata. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Hata hivyo, kabla ya kulipa, ilibidi wakulima wahakikiwe mmoja mmoja, ili kumtenga mwenye shamba na mfanyabiashara wa kangomba. Malipo ya wengi yakachelewa hadi mwaka uliofuata. Sisi tunauliza: kwa nini uhakiki ule ulihitajika? Kama daftari la kila AMCOS lingekuwa hai, linasomwa na wanachama wanaojuana kwa majina na kwa mikorosho yao, jina la asiye na shamba lingeingiaje? Uhakiki ule ulikuwa hukumu juu ya madaftari yetu.

Miaka mitano kabla yake, Aprili 2013, wilayani Liwale kulitokea vurugu na nyumba zikachomwa, baada ya wakulima kupewa malipo ya pili pungufu ya waliyotarajia. Hatutetei uchomaji wa nyumba. Lakini mtu akikumbuka Kilimanjaro ya 1937 ataona kwamba ni kisa kile kile: mazao yamekabidhiwa, bei imeshuka, makato hayaeleweki, na hakuna kikao ambacho mkulima anaweza kuuliza akajibiwa.

Mizani ndipo mahali pa kuanzia. Korosho hupimwa AMCOS, kisha hupimwa tena ghala kuu. Kati ya vipimo viwili kuna tofauti. Sehemu yake ni unyaufu wa kweli, kwa maana korosho hukauka. Sehemu nyingine yaweza kuwa uzembe au wizi. Nani anaamua ipi ni ipi? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chama kimekusanya kilo 500,000, na kwa kila kilo 100 zinakatwa 2 kwa jina la unyaufu. Hizo ni kilo 10,000. Kwa bei ya shilingi 3,000 ni shilingi milioni 30 kwa msimu mmoja. Kwa mkulima mwenye kilo 300 ni shilingi 18,000 tu, na ndiyo maana mara nyingi ananyamaza. Lakini mwenye kushika mizani hanyamazi. Anajua kuhesabu za wote.

Kuna jambo la kinadharia hapa. Mkulima haruhusiwi kuiuza korosho yake nje ya mfumo. Sisi tunakubali kwamba zuio hilo lina sababu, kwani bila mzigo mmoja hakuna mnada wenye nguvu. Lakini mwanachama ambaye hawezi kukiadhibu chama kwa kukihama, lazima aweze kukiadhibu kwa kura. Mlango wa kutokea ukifungwa, mlango wa kuwatoa viongozi hauna budi uwe wazi. Tukifunga milango yote miwili tutakuwa tumemjengea mkulima zizi, nasi tumeliita ushirika.

Kikundi kina matabaka ndani yake

Kosa lingine katika mawazo yetu ni kusema “wakulima wadogo” kana kwamba ni watu wa hali moja. Kijijini yuko mwenye mikorosho mia nane, pikipiki tatu na duka. Yuko mwenye mikorosho thelathini. Yuko asiye na mti wowote, anayeokota kwa ujira. Wote wakiitwa mkutanoni, ni nani atakayechaguliwa mjumbe wa bodi? Mara nyingi ni yule mwenye duka, kwa sababu anajua kuandika, ana muda, na nusu ya wapiga kura wana deni kwake.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyewakopesha unga mwezi wa Februari. Msimu wa korosho huanza karibu na Oktoba, na njaa huja miezi mingi kabla yake. Maskini hukopa kwa kuahidi korosho ambazo bado hazijaanguka. Msimu ukifika, korosho zake huingia ghalani kwa jina la mkopeshaji. Mnada unakwenda vizuri, bei ni nzuri, taarifa inapelekwa mkoani kwamba wakulima wamefaidika. Ni kweli mtu amefaidika. Lakini siye aliyelima.

Hapa ndipo wahubiri wa soko wanapokosea. Wanadhani kumfikisha mkulima sokoni ndiyo mwisho wa kazi. Kumbe mkulima maskini ameshauza kabla soko halijafunguliwa. Kikundi kisichokuwa na mfuko wa kuwavusha wanachama wake miezi ya njaa kitakuwa kikundi cha wenye kuweza kungoja, yaani cha wenye nacho.

Tuseme pia juu ya wanawake. Mwanamke anapalilia, anaokota, anabangua, anabeba. Daftarini limeandikwa jina la mumewe, na fedha zinaingia katika akaunti ya mumewe. Mkutanoni anakaa nyuma kama mgeni katika chama kinachoishi kwa jasho lake. Ushirika wa namna hiyo umeunganisha wenye mashamba. Haujaunganisha wazalishaji.

Majibu kwa hoja mbili

Wako wanaosema: ushirika umeshindwa mara zote, basi mkulima aachiwe auze apendako. Tunawajibu kwamba kilichoshindwa mara zote ni ushirika ulionyang'anywa mwanachama. Mahali wakulima waliposhika mizani wenyewe, kama Kanda ya Ziwa ya miaka ya 1950, ulishinda. Hata katika siku zetu upo ushahidi. MVIWATA, mtandao ulioanzishwa na wakulima wenyewe mwaka 1993, umejengwa juu ya kauli kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, na umeshiriki kuanzisha masoko ya vijijini kama lile la Kibaigwa wilayani Kongwa na la Nyandira katika Mvomero.

Wako wengine, na hawa ni ndugu zetu ndani ya Chama, wanaosema: tatizo ni viongozi wabovu, basi tuwateue wazuri. Hoja hii inavutia lakini ndiyo iliyotuangusha 1976. Kiongozi mzuri aliyeteuliwa na wakubwa anajibu kwa wakubwa. Akibadilika, mkulima hana la kufanya ila kungoja mkubwa agundue. Mrajis ana kazi yake, mkaguzi ana kazi yake, na mwizi apelekwe mahakamani. Lakini mkaguzi hufika mara moja kwa mwaka, mwanachama yupo kila siku. Hakuna mkaguzi aliye bora kuliko mwenye mali, mradi apewe kitabu akisome.

Kazi iliyo mbele yetu

Kwa hiyo matawi ya Chama yafanye nini? Yasiendeshe AMCOS. Kazi ya tawi ni kumwelimisha mwanachama wa ushirika hadi aweze kukiendesha chama chake na kumwogopesha kiongozi wake. Tunashauri mambo haya.

Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na mizani ya kuhakiki inayomilikiwa na wanachama, na wapimaji wanaochaguliwa na mkutano mkuu na kubadilishwa kila msimu. Wapimaji hao wasindikize mzigo mpaka ghala kuu, na unyaufu ukubaliwe kwa vipimo viwili, si kwa kauli ya karani.

Pili, makato yote yajulikane na yabandikwe ukutani kabla ya gunia la kwanza kupimwa. Makato yasiyobandikwa yasikatwe. Baada ya msimu daftari lisomwe hadharani kwa Kiswahili kinachoeleweka, jina kwa jina, kilo kwa kilo.

Tatu, mnunuzi wa mazao na mkopeshaji wa kangomba asikae katika bodi ya chama. Na kiongozi wa Chama chetu asiwe wakati huo huo kiongozi wa AMCOS. Mwanachama akiona kwamba kumhoji mwenyekiti wa ushirika ni kumhoji mwenyekiti wa tawi, atanyamaza, na kunyamaza kwake sisi tutakuita amani.

Nne, kila chama kianze mfuko wa akiba wa kuwavusha wanachama wakati wa njaa, hata kama ni mdogo. Shilingi chache za Novemba ndizo zitakazovunja butura na kangomba ya Februari. Amri za kukataza zimetolewa mara nyingi, na njaa haikuzisikia.

Tano, mke na mume waandikishwe wote wawili, na anayelima shamba la kukodi naye awe na nafasi yake.

Mambo haya ni madogo, na hayahitaji mfadhili. Baada yake ndipo tuzungumze juu ya viwanda, kwa maana nchi inayouza korosho ghafi inauza na kazi ya vijana wake. Lakini kiwanda kikijengwa juu ya ushirika usio wa wanachama kitakuwa na bwana mwingine tu.

Tumezoea kupima kazi yetu kwa idadi ya vikundi tulivyovizindua. Tuanze kuipima kwa swali lingine. Siku ya kwanza ya msimu, kiongozi wa tawi aende kwenye AMCOS ya kijiji chake. Asiende mezani kwa meneja. Asimame kwenye foleni pamoja na yule mama mwenye magunia mawili, amngoje hadi afike mbele, kisha atazame ni nani anayesoma mizani, na kama mama yule anaweza kuuliza kwa sauti bila kugeuka kwanza kuangalia nani anamsikia. Akiweza kuuliza na akajibiwa, hapo pana ushirika. Asipoweza, kazi bado, na ni ya kwetu.